Taa ya Baraza kwa Mzee Mrisho

Mzee Mrisho alipofariki, aliyenipigia simu ni mwanawe wa mwisho, Idi, ambaye mwaka ninaousimulia hapa alikuwa hajazaliwa. "Shangazi, mzee katutoka. Mama anasema ujulishwe." Nilikuwa Bujumbura, dukani kwangu, katikati ya paneli za sola na betri ninazoziuza kwa riziki yangu. Nikasema inna lillahi kama inavyotakiwa, nikakata simu, nikaendelea kukaza nati niliyokuwa naikaza. Sikulia. Mtu aliyenitoa ndani ya nyumba yake na kunitia mikononi mwa askari sina machozi ya kumpa. Lakini jioni ile nilifunga duka, na kesho yake nikashika njia ya Kigoma, kwa sababu moja tu. Mrisho alinifukuza, ndiyo, lakini miezi michache baadaye alipanda lori akaja kambini kunitazama, na tende mkononi. Miaka yote hii, kila nilipotaka kumlaani, tende zile zilinifunga mdomo. Nilijiambia kwamba hata mtu mbaya ana siku yake moja njema, na ya Mrisho niliipata mimi. Basi nikaenda msibani kwa heshima ya siku ile.

Nyumba ya Mrisho, mtaa wa Rusimbi huko Ujiji, nimeikuta imepakwa rangi mpya, madirisha yana vioo, umeme wa waya umefika. Wanaume wamekaa mikekani chini ya turubai wakizungumza bei ya dagaa na siasa, na marehemu hawamtaji. Juu ya paa, upande wa kaskazini, yapo bado mabano ya chuma ya kushikia paneli niliyoyafunga kwa mkono wangu, yamekula kutu na hayabebi kitu. Niliyatazama kabla sijavua viatu. Mwaka ule niliingia kwa mlango huohuo miguu mitupu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, fani ya umeme, msichana peke yangu darasani, na vita vilikuwa vimefika mtaani kwetu Buyenzi, hapo Bujumbura. Ya kwetu yaliyobaki sitayasema hapa. Nitasema tu kwamba mimi na kaka yangu Shabani, mwenye kovu kwenye paji la uso, tulikimbilia Rumonge, na pale ufukweni mwa ziwa, watu wakigombea boti, yeye alininyanyua akanitupa ndani kama gunia, boti ikaondoka naye kabaki majini, maji yamemfika kifuani. Akapiga kelele: "Ujiji! Rusimbi, kwa Mrisho wa dagaa! Nisubiri hapohapo!" Mrisho tulimjua kwa sababu alikuwa akileta dagaa Buyenzi, na kila akija alikula kwetu. Kwa hiyo nyumba yake ndiyo ilikuwa ahadi yetu. Nikiondolewa pale, Shabani angenitafuta wapi?

Walinipokea kwa masharti. Siku zile mkimbizi mahali pake ni kambini, na mtu wa mjini akimficha ana kesi ya kujibu. Mzee Mrisho aliniita sebuleni, kofia yake ya kazi ya mkono iko gotini. "Kuanzia leo wewe si Zainabu. Wewe ni Mwajuma, mtoto wa binamu yangu wa Simbo. Umekuja kusaidia kazi. Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Lakini Shabani akija ataulizia Zainabu."

"Akija tutajua la kusema."

Chumba changu kilikuwa stoo ya dagaa. Nililala kati ya magunia, na harufu ikaniingia hadi kwenye nywele. Nilioga kwa sabuni na limau, bado nikanuka dagaa. Familia ilikula wali na migebuka, samaki wa ziwani, waliopikwa kwa mawese, sebuleni. Mimi nilikula ugali wa muhogo jikoni, na vichwa vya hao migebuka. Bi Tatu, mke wa mzee, hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Yeye ukatili wake ulikuwa kwenye upawa. Alijua kukupakulia mchuzi ukabaki unajua wewe ni nani ndani ya nyumba ile. Majirani walipita wakinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mwana!", nami nikawajibu kwa Kirundi changu nilichokikunja kidogo, wakaridhika au wakajifanya wameridhika. Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake, lakini mwenye masikio hadanganyiki.

Habari ya sola ilianza kwa blanketi. Chini ya kitanda chake Mzee Mrisho alikuwa ameficha paneli alizouziwa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, amezifunika blanketi kama mgonjwa, pamoja na betri za lori ambazo hazijaguswa. Umeme wa mji siku zile ulitegemea mafuta, na mafuta yakichelewa Ujiji nzima inarudi kwenye vibatari. Mzee alitaka nyumba yake iwake wakati wengine wako gizani. Alilitaka jambo hilo kama wengine wanavyotaka kwenda Makka. Lakini hakuthubutu kumwita fundi wa mjini, maana angeonekana hajui. Asubuhi moja alinikuta nafua akaniuliza, bila hata salamu, "Wewe si ulisema umesoma umeme?"

Nikaacha kufua. Nilikwangua mkaa, nikachora nyumba nzima kwenye sakafu ya saruji ya uani: sebule, vyumba, ukumbi, jikoni, baraza. Kisha nikaanza kuwauliza. Watu wanadhani kupanga sola ya nyumba ni mambo ya nyaya. Sivyo. Ni kazi ya kuwafanya watu wakuambie ukweli kuhusu tamaa zao, na hakuna kazi ngumu kama hiyo.

"Taa ngapi, baba?"

"Mbili. Mimi ni mtu wa kawaida."

"Redio?"

"Ya taarifa ya habari tu."

"Na televisheni?"

"Ah, hiyo mara mojamoja."

Bi Tatu alicheka kutoka jikoni. "Mara mojamoja! Siku ya mpira nyumba hii haina hata pa kuweka mguu, na kila aliyekuja lazima anywe chai."

Ndipo nikajua kwamba hesabu ya nyumba ya Ujiji lazima iwe na wageni ndani yake. Nikachukua kila kitu kinachokula umeme, kinakula kiasi gani na kwa muda gani, nikajumlisha. Kisha nikaongeza siku ambazo mzee alikuwa hazisemi. Nikafikiria masika, mawingu yanapokalia milima na jua likawa halionekani siku kadhaa, na nikafikiria kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa unapotanda juu ya ziwa. Betri lazima zivushe nyumba katika siku hizo. Na betri ya maji ukiikamua mpaka tone la mwisho kila siku inakufa kijana, kwa hiyo nikahesabu nusu yake tu kuwa ndiyo yetu. Nusu nyingine si ya kuguswa. Mzee hakuelewa. "Nimenunua betri nzima," alisema, "wewe unanipa nusu?" Akataka paneli zielekee barabarani ili watu wazione. Nikamwambia, "Jua halipiti barabarani, baba," nikaziinamisha kidogo kuelekea kaskazini. Akataka betri zikae sebuleni, kando ya kabati la vyombo. Nikamweleza kwamba zikichajiwa zinatoa hewa inayoweza kulipuka, nikazitengenezea sanduku la mbao lenye matundu mwisho wa baraza. Kila nikimshinda alininunia kidogo, kisha akaenda kuwaeleza wenzake maneno yangu kama yake.

Hesabu ilipokamilika ilibaki nafasi ya taa moja. Bi Tatu alinifuata nikiwa nakoka moto. Ilikuwa mara ya kwanza kuniomba kitu. "Mwajuma, hiyo iliyobaki nifungie huku. Napika kwa kubahatisha, hata chumvi naitia kwa kuonja giza." Mzee alisikia akajibia mlangoni, "Jikoni kuna moto. Moto si mwanga?" Wote wawili wakanitazama. Nikasema taa inafaa kuwekwa barazani, itafukuza wezi. Mzee akafurahi, maana taa ya baraza inaonekana na mtaa mzima. Mimi sikuwa na habari na wezi. Nilikuwa namfikiria Shabani, anapanda kutoka mwaloni, boti zinapofikia, jua likizama, hajui njia, na mtu anamwelekeza: nenda kwenye ile nyumba inayowaka. Bi Tatu alichukua upawa wake akageuka, na kuanzia siku ile vichwa vya samaki navyo vikapungua.

Siku moja nilikuwa juu ya paa nakaza mabano, na chini yangu, barazani, Mzee Mrisho amekaa na mjumbe wa nyumba kumi, jirani aliyekuwa na kazi ya kujua nani analala wapi. Bati halizuii maneno. Mjumbe alisema, "Mrisho, yule binti yako wa Simbo ananukia Burundi."

"Najua."

"Wakubwa wananiuliza mtaa wangu una wakimbizi wangapi. Nitajibu nini?"

"Acha kwanza amalize taa."

"Na akimaliza?"

"Akimaliza ana kazi gani tena hapa? Mtamchukua." Wakacheka, si kicheko cha shari, kicheko cha watu waliokubaliana. Kisha mzee akanyanyua sauti: "Mwajuma! Shuka utuletee chai!" Nikashuka. Nikachemsha chai, nikatia tangawizi kama alivyopenda mjumbe, nikawapelekea kwa mikono miwili na kupiga goti. Mjumbe akasema, "Ahsante, mwanangu."

Tangu siku hiyo nilifanya kazi kama kinyonga. Nilisema waya ni mwembamba, umeme utaishia njiani, itafutwe mwingine mnene, ukatafutwa. Nilisema swichi hizi hazifai. Nilifungua nilichofunga jana. Na jambo moja nililiacha makusudi, la kuongezea betri maji, nikiwaambia, "Hilo nitawafundisha mwishoni." Nilidhani mtu hawezi kumtupa mwenye funguo kabla hajafungua mlango. Kila jioni nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikitazama watu wanaopanda kutoka ziwani, mmoja mmoja, mpaka sura zikaacha kuonekana. Lakini mzee alikuwa amepanga maulidi nyumbani kwake, ameshaalika watu, na aliniambia mbele ya Bi Tatu, "Siku ya maulidi taa zisipowaka, sitasubiri mtu aje kuuliza." Zikawaka.

Mji wote ulikuwa giza siku ile. Nilibonyeza swichi, sebule ikawa nyeupe, kaswida ikakatika katikati, watu wakasema "Mashallah!" kwa pamoja. Nimefunga mitambo mikubwa tangu hapo, lakini furaha ile haijarudi. Nilikuwa naingia na sinia ya pilau mtu mmoja alipouliza fundi ni nani. Mzee Mrisho alijirekebisha kofia. "Ndugu zangu, watu wanasema sola mpaka Mzungu. Hii nimeifunga mwenyewe, kwa mikono hii." Akaionyesha mikono yake. Mjumbe alinitazama juu ya sinia, akatabasamu, akachota pilau.

Hawakungoja hata wiki iishe. Gari ya askari ilisimama mlangoni mchana, nami nina ndoo kichwani. Mzee alisema, "Huyu? Alikuja kuomba kazi za ndani. Sikujua ni mkimbizi." Aliyasema bila kunikwepa macho. Mimi nilimgeukia Bi Tatu, aliyekuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. "Mama, Shabani akija mwambieni niko kambini! Mama, umesikia?" Bi Tatu alitoa jiwe kwenye mchele akalitupa uani. Hakuinua kichwa.

Ya kambini yana sura yake, siyachanganyi na haya. Nitaeleza siku moja tu, mvua zikiwa zimekolea, nilipoitwa getini nikamkuta Mzee Mrisho amesimama topeni, viatu vimeharibika, mkononi kifurushi cha tende. Niliwahi kufikiri nikimwona nitamtemea mate. Badala yake nililia kama mtoto. "Shikamoo, baba." "Marahaba, Mwajuma. Umekonda." Tukakaa kwenye gogo. Akazungukazunguka, hali ya hewa, bei ya chumvi, kisha akasema betri zimekuwa dhaifu. Taa zinawaka kidogo tu zinafifia.

"Mnaongezea maji gani?" nikamwuliza.

"Ya ziwa."

"Ya ziwa, baba?"

"Ziwa letu hili!" Alikasirika kabisa, kama niliyemtukania mama. "Maji gani yanayashinda yale kwa usafi? Unaona mpaka kokoto za chini. Nayachota mwenyewe alfajiri kabla wanawake hawajafua. Ndoo iko barazani, imefunikwa, haiguswi na mtu."

Kwetu sote, Ujiji na Bujumbura, ziwa ndilo kipimo cha usafi. Hata mimi nilicheka kwa uchungu. Nikamweleza kwamba maji yale yana chumvi na madini yasiyoonekana kwa jicho, na betri inataka maji yasiyo na kitu kabisa ndani yake. Anunue yale maalumu ya betri, asiongeze tone la ziwa tena, na azichaji sana kabla ya kuziwashia televisheni. Somo nililolificha ili liniokoe nilimpa lote, kwa tende. Alipoinuka nikamshika kanzu. "Baba, kuna mtu yeyote aliyekuja kuniulizia?"

Alichukua tende moja, akaitoa kokwa, akaitafuna. "Hakuna, mwanangu. Angekuja si ningemleta mwenyewe hapa?"

Nikamwombea dua safari njema. Kokwa za zile tende nilizihifadhi muda mrefu kwenye kitambaa.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni nilipoingia chumbani kwa Bi Tatu, ambako amekaa eda, nguo nyeupe, tasbihi mkononi, amezeeka hata mashavu yameingia ndani. Wanawake waliokuwa naye walitoka kwenda kula. Nilimpa pole, nikamwambia sijasahau kwamba mzee alikuja kunitazama kambini. Alinishika kiganja kwa nguvu nisiyotarajia.

"Alikuja kwa ajili ya betri," akasema. "Na kaka yako alishakuja kabla ya hapo."

Niliuliza nini, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Wewe umeshachukuliwa. Mvua ndiyo kwanza zinaanza, taa bado zinawaka vizuri. Alikuja magharibi, akasimama barazani chini ya ile taa yako. Alisema mwaloni wamemwambia kuna nyumba imefungwa sola, akajua moja kwa moja ni wewe, maana dada yake ndiye fundi wa mambo hayo. Alikuwa anacheka. Mzee alikuwa na wageni, mjumbe yumo. Mzee akamwambia, sola hii nimeifunga mwenyewe, watu wote hawa mashahidi. Hapa hajakaa Zainabu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Mlango uko wazi, nilimwona uso wote mpaka kovu la kwenye paji. Yeye hakuniona. Mimi niko gizani."

"Mlango wa nyuma ulikuwepo, Bi Tatu. Ungeweza kumzungukia."

"Ulikuwepo." Alisogeza tasbihi, punje moja, nyingine. "Taa ile ungeifunga jikoni, Zainabu, angeniona."

Lilikuwa jina langu, mara ya kwanza kulisikia kinywani mwake. Nilimchukia kwa chuki safi, isiyo na hata kijipande cha huruma, na naiandika hivyo kwa sababu bado ninayo. Nikamwuliza Shabani alielekea wapi. Akajibu kwamba alisema atavuka ng'ambo, Kongo, pengine nilifikia huko. Ng'ambo vita vilikuwa vinaingia msimu uleule. Tangu hapo hakuna aliyemwona, na nimewauliza watu wa kila kambi na kila mwalo.

"Aliomba maji," Bi Tatu akaendelea, kana kwamba akianza hawezi kuacha. "Ndoo ilikuwa imejaa pale barazani, na kata juu yake. Akanyoosha mkono. Mzee akamwambia asiguse, hayo ya betri."

Nikatoka. Uani nilimkuta Idi, yule kijana aliyenipigia simu, akanifuata kwa adabu. "Shangazi, samahani, najua si wakati wake. Umeme wa waya unatusumbua, tunataka turudishe sola. Wewe ndiye tunayekujua." Nikamwambia alete ngazi na spana. Nilipanda mbele ya wanaume wote wa matanga, mwanamke wa umri wangu, nimejifunga kanga kiunoni, wakainua macho mmoja mmoja. Nati zilikuwa zimegoma kwa kutu. Nilizikaba mpaka zikalia. Nikayang'oa mabano yangu yote, nikayaangusha chini uani, moja baada ya lingine, yakapiga kelele kwenye saruji niliyoichora kwa mkaa. Kisha nikashuka, nikanawa mikono, nikavaa viatu.

Idi alikuwa amesimama na spana, hajui aitie wapi. "Shangazi, sasa mpya utakuja kufunga lini? Mama anaomba safari hii taa ya kwanza iwe ya jikoni."

"Mwambie mama yako," nikasema, "ameshazoea giza."